Makofi Kwanza: Jioni za Buleria Mjini Jerez

Jerez de la Frontera hakuna anayeanza flamenko kwa miguu. Hata ukija na viatu vyako vipya, vile vilivyopigwa misumari midogo kwenye ncha na kisigino, mwalimu atavishika, atavigeuza, atakubali kwamba ni vizuri, kisha atakuonyesha pembeni pa kuviweka. Utapewa kiti cha mbao chenye kikalio cha nyasi za kusuka. Utaambiwa ukae wima, unyamaze, upige makofi. Masomo ya mwanzo yatapita hivyo: viganja vinawaka moto na hujainua hata kisigino.

Mjerumani mmoja aliyekuwa ndio kwanza amejiunga aliuliza kwa adabu kucheza kutaanza lini, maana yeye alilipia kucheza. Mwalimu hakumjibu. Alikivuta kiti cha yule bwana kikaingia ndani zaidi ya duara, akamkazia macho mpaka akarudi kwenye makofi.

Mji uko kusini kabisa mwa Hispania, katika mkoa wa Cádiz, mwendo wa saa moja na kitu kwa treni kutoka Sevilla. Una watu zaidi ya laki mbili, na riziki yake ya tangu zamani ni mvinyo. Ukitembea katikati ya mji utapita kando ya maghala marefu ya mapipa ambayo kuta zake zimefanya weusi. Si uchafu, ni kuvu inayoishi kwa mvuke wa pombe unaotoka ndani. Mwezi wa Desemba michungwa ya barabarani imejaa matunda yanayong'aa na hakuna anayeyachuma, kwa sababu ni machungu. Kwenye kona ya mji wa kale imesimama ngome iliyojengwa na Waislamu, na ndani yake msikiti mdogo uliogeuzwa kanisa baada ya mfalme Alfonso wa Kumi kuuteka mji mwaka 1264. Kuba lake la pembe nane lipo mpaka leo. Mtu wa Unguja au Lamu anaweza kuketi chini yake akasahau kabisa kwamba yuko Ulaya, mpaka kengele za kanisa kuu zimzindue.

Lakini wageni wengi ninaokutana nao mitaani hawakufuata mvinyo wala ngome. Wamefuata buleria. Flamenko ina aina nyingi za nyimbo: kuna solea ya mwendo mzito, kuna sigiriya ambayo ni kilio kitupu, kuna alegria za watu wa Cádiz zenye upepo wa bahari, kuna tango na fandango. Buleria ndiyo ya haraka kuliko karibu zote, ndiyo yenye mizaha, na ndiyo ya kufungia shughuli. Arusi, ubatizo, onyesho la ukumbi mkubwa au mlo wa Jumapili, vyote huishia hapo: watu wanafanya duara, makofi yanaingia, na mmoja mmoja anajitokeza katikati, anacheza kwa muda mfupi tu, anarudi mahali pake. Jerez ndiyo nyumbani kwake. Hata watu wa Sevilla, ambao hawapendi kumsifu jirani, kwenye hili hawabishi sana.

Darasa nililohudhuria liko mtaa wa San Miguel, kwenye jengo lililokuwa ghala la mvinyo kabla halijakatwa vyumba. Dari iko juu mno. Nyumba za huku zilijengwa kupambana na joto la Julai, kwa hiyo Desemba ikifika ndani kuna baridi kuliko nje. Watu wanacheza na masweta yao, na kwenye kona liko jiko la gesi la kuotea ambalo kila mapumziko linazingirwa. Sakafu ni mbao za msonobari zilizopigiliwa juu ya boriti ili chini pabaki uwazi na sauti ipate pa kuvuma. Ukiinama uitazame kwa karibu utaona imechimbwachimbwa na vitundu vidogo visivyo na idadi, vichache karibu na mlango, vingi mbele ya kioo. Pale mbele ya kioo ubao umelika mpaka nyuzi zake zimetokeza. Mwalimu anasema ameshaubadilisha mara kadhaa, na seremala wake akimwona siku hizi hupita upande wa pili wa barabara.

Wanafunzi ni mchanganyiko ambao sikuutarajia. Yuko muuguzi mstaafu, mama mwenye meza ya samaki sokoni, na mwanamke anayefanya usafi hotelini ambaye huingia akiwa bado na sare ya kazi chini ya koti. Yuko kijana wa miaka 14 anayeletwa na bibi yake. Bibi hajajiandikisha wala halipi chochote, lakini ana kiti chake na hakuna anayethubutu kukikalia. Wapo wanawake wawili wa Kijapani waliohamia mjini hapa kwa ajili ya flamenko tu, wanaozungumza Kihispania cha Jerez kwa lafudhi ya mtaani, kile kinachomeza herufi za mwisho. Na yuko yule Mjerumani.

Mwalimu ni mwanamke wa makamo, mfupi, mzaliwa wa mtaa huohuo. Hafundishi kwa kuhesabu kama anaweza kuliepuka hilo. Ila kwa wageni hana budi, basi huhesabu. Mdundo wa buleria una mapigo 12 yanayozunguka, na mkazo unaangukia pigo la 12, la 3, la 6, la 8 na la 10. Tazama nafasi zake: tatu, tatu, mbili, mbili, mbili. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu ukishazoea mwendo wa tatutatu, ghafla njia inakatwa inakuwa mbilimbili, na kabla hujakaa sawa imerudi ilikotoka. Halafu watu wa Jerez wenyewe wana tabia ya kuukata mzunguko katikati na kwenda kwa sita, wimbo ukitaka hivyo, bila kumwarifu mtu. Msomaji aliyekulia kwenye ngoma za pwani asiogope. Sikio lake limeshazoea tatu na mbili kuishi nyumba moja.

Makofi nayo yana elimu yake. Kuna makofi makavu, vidole vya mkono wa kulia vinapiga kiganja cha kushoto na sauti inatoka kali, inakata. Kuna makofi ya chini, viganja vimebonyezwa kidogo vikakutana kwa ndani, sauti inakuwa nzito na fupi. Hayo ndiyo ya wakati mwimbaji anaimba au gitaa linanong'ona. Mmoja anashika mdundo, mwingine anajaza nafasi zilizo katikati, na wakipatana huwezi tena kujua kofi hili limetoka kwa nani. Yule bibi wa kijana ana viganja vilivyokakamaa, na anapiga bila kuitazama mikono yake wala ya mtu, huku akiongea na jirani yake kuhusu bei ya dengu. Hakosei. Mara moja kwa dakika anatupa ole, neno la kumtia moyo anayecheza, na neno lenyewe linaangukia pigo sawasawa. Ole ikitoka nje ya pigo, niliona, watu hugeuka kumtazama aliyeitoa.

Miguu ikiruhusiwa, hupewa kazi ndogo. Hakuna kishindo cha mvua ya mawe kama kile cha kwenye televisheni. Goti linalegezwa, uzito unashushwa, na unajifunza kuitofautisha midomo mitatu ya kiatu: wayo mzima, ncha, kisigino. Hatua ya kwanza ni ya kupita tu, huku nyonga ikiwa na habari zake yenyewe. Mikono inapanda taratibu na vidole vinafunguka kimoja baada ya kingine, kidole cha mwisho kikitangulia. Kisha kuna mwito, ambao ni hatua ya kumwambia mpiga gitaa na mwimbaji kwamba niko tayari, nipeni. Kisha kuna kufunga, ambako kunaangukia pigo la 10, na anayefunga kwenye la 11 hata vipofu wanamwona. Basi. Mwito, mwendo, kufunga, kutoka. Mchezo mzima wa buleria ya mtaani hauzidi ubeti mmoja au miwili ya wimbo. Watu wa huku wanauita teke dogo, na humpima mtu kwa hilo dogo kuliko kwa lile kubwa la jukwaani.

Siku za Alhamisi alikuja mwimbaji, jamaa wa mtaani ambaye mchana ni fundi wa mabomba. Mwalimu hakubali kufundisha kwa kanda peke yake, na nilipomsikiliza huyu bwana nilimwelewa. Ubeti uleule aliuimba mara mbili na haukuwa na urefu uleule. Mara ya pili aliuvuta mstari wa tatu, akaukalia, akaushusha pale alipotaka yeye. Waliokuwa wamekariri hatua walikwama katikati ya sakafu. Muuza samaki, ambaye hana hatua nyingi, alikuwa ametulia anamtazama mdomoni, na alipofika mwisho wa mstari yeye alikuwa hapohapo na mguu wake.

"Yeye akiwa kwenye ubeti, miguu ifunge mdomo," mwalimu aliwaambia wote, na kumwambia kijana hasa, kwa sababu kijana ana miguu ya radi na anapenda isikike. "Ngoja amalize, mwanangu. Hujaja kumjibu, umekuja kumsikiliza."

Kwa maoni yangu hapo ndipo flamenko ya Jerez inapoachana na ile ya kuuzwa kwa tiketi pamoja na chakula cha usiku. Siidharau ile; wacheza wake wengi ni mahodari na wanastahili ujira wao. Ila pale mcheza ndiye bwana na mwimbaji ni mtumishi wake, na mteja aliyelipa anatarajia miguu. Mtaani cheo kimegeuzwa. Wimbo ndio wenye nyumba.

Jerez ina mitaa miwili inayoshindania sifa hii, Santiago na San Miguel. San Miguel ndiko alikozaliwa Manuel Torre mwaka 1878, mwimbaji ambaye wenzake walimwogopa kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa ikimjia. Ndiko alikotoka Lola Flores, aliyezaliwa mwaka 1923, nyota wa sinema na jukwaa. Ndiko alikotoka La Paquera, mwenye sauti ya kutikisa madirisha, aliyefariki mwaka 2004. Sanamu yake imesimama mtaani, kifua mbele. Santiago nao wanamtaja Tía Anica la Piriñaca, aliyezaliwa mwaka 1899 na kuimba mpaka uzeeni, na Terremoto, na mpiga gitaa Moraíto aliyefariki mwaka 2011. Wazee wa sanaa huitwa shangazi na mjomba na watu wasio wa damu yao, na kijana akilitaja jina tupu husahihishwa. Ukimuuliza mtu wa Santiago buleria ipi ndiyo yenyewe, atakueleza kwa kirefu na kwa mkono kwenye bega lako. Vuka mji umuulize wa San Miguel.

Sehemu kubwa ya watu hao ni Wagitano, jamii ambayo mababu zao walitoka India na kuingia Hispania karne ya 15. Historia yao huko si ya kuimbwa tu. Mwaka 1749 serikali ya mfalme Fernando wa Sita iliamuru wakamatwe wote nchi nzima kwa wakati mmoja. Maelfu walichukuliwa, wanaume wakapelekwa kufanya kazi ngumu kwenye maghala ya jeshi la majini, mojawapo likiwa La Carraca hapahapa karibu na Cádiz, wanawake na watoto wakafungiwa kwingine, na baadhi yao walikaa miaka mingi kabla ya kuachiwa. Waliobaki Jerez waliishi kwa kazi za mashamba ya matajiri, uhunzi na machinjio. Kwenye karamu za wenye mali walikuwa wakiitwa kuimba usiku, na asubuhi wakarudi shambani.

Na kabla ya kuvuka ukurasa huu, kuna watu wengine ambao hadithi ya flamenko iliwasahau kwa muda mrefu. Sevilla ya karne ya 15 na 16 ilikuwa na Waafrika wengi, watumwa na walioachwa huru, na chama chao cha kidini kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 14 kipo hadi leo na bado kinatembeza sanamu zake katika Wiki Takatifu, ingawa wanachama wengi wa sasa ni weupe. Cádiz ilikuwa bandari ya kwenda Amerika, na ngoma zilizotoka Afrika zikazaliwa upya Karibiani zilirudi kwa merikebu hizohizo. Mwaka 2016 Miguel Ángel Rosales alitoa filamu ya *Gurumbé* kuhusu jambo hili, na tangu hapo ni vigumu kujifanya hujui. Hata lile sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia na kulipiga kwa mikono, na ambalo leo hakuna bendi ya flamenko isiyokuwa nalo, ni la Waperu wenye asili ya Afrika. Paco de Lucía alikutana nalo Lima mwaka 1977 na kuja nalo Hispania. Darasani kwetu lilikuwepo moja, na muuguzi mstaafu hulitumia kuwekea mkoba wake.

Mama wa usafi wa hoteli alizaliwa kwenye nyumba ya uani. Ndivyo walivyoishi watu wa mitaa hii: familia nyingi, kila moja na chumba chake au viwili, zote zinazunguka ua mmoja wenye kisima, jiko la pamoja na kamba za kuanikia. Mtoto hakufundishwa buleria. Aliikuta. Wanawake walikuwa wanafua, mmoja anaanza kuimba, mwingine anagonga ubao wa kufulia, na mtoto aliyejitia katikati alishangiliwa au alisogezwa. Miaka ya 1960 na 1970 familia nyingi zilihamishiwa maghorofa ya pembezoni mwa mji, yenye bafu ndani na lifti, na hakuna niliyemsikia akitamani kurudi kuchota maji kisimani. Lakini ua haukuhama nao. Santiago nyumba kadhaa nilizozipita zimefungwa kwa matofali milangoni, na mimea imeota kwenye vigae vya paa.

Nilipolijua hilo nikaelewa kwa nini darasa limepangwa vile. Viti vya duara badala ya mistari inayotazama kioo. Bibi asiyelipa. Sufuria ya mbaazi ambayo mtu huja nayo Ijumaa. Mwalimu angeweza kuingiza watu wengi zaidi kama angetoa viti na kuwapanga safu safu, na mumewe, ambaye ndiye anayeweka hesabu, hachoki kumkumbusha. Anafundisha hatua, ndiyo, lakini anachokitafuta zaidi ni watu wa kukaa pembeni wakajua wanachokisikia. Mcheza mzuri anaweza kumpata popote, alinieleza. Watu 10 wa kumpigia makofi ndio kazi.

Penya ni ndugu wa darasa hili. Ni klabu ya wanachama, yenye ukumbi mdogo, jukwaa la kimo cha goti, kaunta, na picha za marehemu ukutani mpaka kwenye mlango wa choo. Jerez inazo nyingi, na kila moja imebeba jina la mzee wa sanaa, la wimbo au la mtaa. Zamani zilikuwa za wanaume. Wanawake waliingia kuimba au kuleta chakula. Siku hizi niliona wanawake kaunta na mezani, ingawa meza ya uongozi bado ni ya wazee wenye vizibao. Taa zikipunguzwa, mazungumzo yanakatika kabisa, na anayeendelea kupiga domo anazomewa na mtu asiyemfahamu. Gilasi haigongwi mezani. Mwimbaji akipatia, sauti ya kukubali inatoka kifuani mwa watu kwa pamoja, na wengine hutikisa kichwa kama waliopewa habari mbaya. Akikosa hakuna anayesema kitu, na hicho ndicho wanachokiogopa waimbaji.

Kama ratiba ya penya haikukubali, kuna tabanko, vilabu vya kale vya kuuza mvinyo kutoka kwenye pipa, ambako mhudumu bado anaandika hesabu yako kwa chaki juu ya kaunta ya mbao. El Pasaje upo tangu mwaka 1925. Asiyekunywa anapata soda na jibini bila kuulizwa maswali. Na anayetaka kusoma aende Palacio Pemartín, kwenye uwanja wa San Juan, iliko hifadhi kuu ya nyaraka za flamenko ya jimbo la Andalusia: maktaba, santuri, na picha za video za wazee ambao darasani hutajwa kila siku. Nilimkuta huko yule kijana wa miaka 14, masikioni ana vipokea sauti, anamtazama Terremoto akirudia sekunde zilezile.

Desemba mji mzima unageuka darasa. Ni majira ya zambomba, mikusanyiko ya kuimba nyimbo za Krismasi inayoanza mwishoni mwa Novemba na kwenda mpaka mkesha. Jina ni la ala yenyewe, chungu cha udongo kilichofungwa ngozi au kitambaa mdomoni, na katikati umesimamishwa mwanzi. Mpigaji hakipigi. Analowesha kiganja kwenye ndoo, anaubana mwanzi na kuusugua juu na chini, na chungu kinatoa mngurumo mzito unaousikia tumboni kabla ya masikioni. Pembeni yake yuko mtu na chupa tupu ya pombe ya anisi, ile yenye kioo cha mikwaruzo, anaisugua kwa mpini wa kijiko. Yupo mwenye tari, yupo mwenye kinu cha shaba na mchi. Sinia za pestinyo zinapita, maandazi membamba ya asali na ufuta, na vidole vya kila mtu vinanata kiasi kwamba makofi yenyewe yanabadilika sauti.

Desturi hii ilikuwa ya nyua zilezile. Majirani walichanga kuni na unga, wakakaa kuzunguka moto. Miaka ya 1980 benki ya akiba ya mji ilitoa santuri za nyimbo hizo zikiwa zimepangwa kiflamenko, na kizazi kilichozaliwa maghorofani kikazikariri huko. Mwaka 2015 serikali ya jimbo iliitangaza zambomba kuwa urithi wa kulindwa. Sasa wikendi za Desemba mabasi yanaleta umati kutoka Sevilla na mbali zaidi, mitaa ya katikati inajaa vikombe vya plastiki, vipaza sauti vinashindana, na kuna zambomba ambazo hazina hata chungu. Wenyeji wanalalamika kila mwaka, na kila mwaka nusu yao wanakodisha vyumba.

Ile ya darasa letu ilifanyika uani mwa jengo, siku ya Jumanne, kwa makusudi ili isije na mabasi. Kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, kuni za mzabibu ndani, na moshi uliotufuata kila tulikohamia. Waliimba kwanza kwa saa nzima, wote kwa pamoja, nyimbo zenye beti ambazo haziishi. Baada ya hapo fundi wa mabomba alibadili, akaingiza buleria, na duara likajikaza lenyewe.

Wajapani walitoka mmoja baada ya mwingine, na walikuwa safi kabisa, kila kidole mahali pake. Wakapata ole ya heshima. Kijana alitoka na, nastaajabu kusema, alisubiri. Aliuacha ubeti upite akiwa amesimama tu, mabega yamelegea, na alipofungua miguu ilikuwa ni kwa mapigo manne au matano, akafunga, akaondoka. Bibi yake hakusema neno, lakini alimpokonya mtu sinia ya pestinyo akampa yeye kwanza. Halafu mama wa usafi akasukumwa katikati akiwa na koti lake. Hakulivua. Alishika pindo kwa mkono mmoja, akatembea nusu duara akimtazama mwimbaji kwa dharau ya kuigiza, akapiga mwito, akageuka, akafunga kwenye la 10 kwa kisigino kimoja tu cha kiatu cha kazi chenye soli ya mpira, kisichotoa sauti yoyote. Ua mzima ulilipuka. Mjerumani alikuwa amesimama kwenye kiti, makofi yake ya chini, mazito, na yakiwa kwenye pigo.

Flamenko iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2010, na mwaka 2023 Andalusia ikapitisha sheria yake ya flamenko. Niliwauliza darasani kama wameona tofauti. Muuza samaki alisema kodi ya chumba imepanda. Ukweli ni kwamba fedha nyingi za mwaka zinakuja mwishoni mwa Februari na mapema Machi, wakati wa Tamasha la Jerez linalofanyika tangu mwaka 1997, ambapo Ukumbi wa Villamarta unajaa na wanafunzi wanamiminika kutoka mabara yote kuhudhuria kozi. Kila chumba chenye sakafu ya mbao kinapata mpangaji, na hiki chetu pia. Mwalimu aliwatangazia wiki ya mwisho kabla ya likizo: wakati wa tamasha darasa la wenyeji litahamia gereji ya shemeji yake, sakafu ni ya saruji, watu wasivae misumari.

Zogo lilizuka. Muuguzi alisema saruji inaua magoti. Mama wa usafi alisema yeye wageni anawahudumia kutwa nzima, na jioni pia anawapisha? Mwalimu alitoa daftari la mumewe akawaonyesha bili ya umeme na gharama ya ule ubao wa mbele ya kioo, na hakuna aliyekuwa na jibu kwa bili. Wakakubaliana saa moja jioni, gereji, jiko la gesi litafuata huko. Bibi wa kijana alikuwa ameshasimama, amekishika kiti chake mgongoni, akauliza shemeji ana gari la kubebea, kwa sababu hao wanaokuja na wacheze wanavyotaka, lakini viti vinakwenda gereji.